Si Kila Doa Jeusi ni Funza

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea na ukurasa huu nakuomba jambo moja. Vua kiatu cha kulia, vua na soksi, kisha ugeuze unyayo uutazame. Usione haya. Kama soksi inanuka, hiyo ni shauri yako na jirani yako wa dawati. Tazama kisigino, tazama katikati ya vidole, kisha tazama kucha, hasa ile ya kidole gumba. Watu wengi hapa Kwanza watakuambia bila kusita walivuna magunia mangapi ya mahindi msimu uliopita, lakini ukiwauliza kama wana doa chini ya unyayo watakutazama kana kwamba umeshikwa na malaria.

Nimeanzia mguuni makusudi. Katika ukuta wa kituo kimoja cha afya niliona picha ya kuwafunza watu kuhusu saratani ya ngozi. Ilikuwa picha ya mgongo wa Mzungu, mwekundu kama nyanya iliyoiva, na katikati pana doa jeusi. Akina mama waliokuwa kwenye foleni waliitazama wakacheka. Mmoja akasema, "Hayo ni magonjwa ya Wazungu. Sisi tuko na ngozi ngumu." Wenzake wakaitikia, na foleni ikasonga.

Mama huyo alisema nusu ya ukweli. Ngozi yetu nyeusi ina melanini kwa wingi, na melanini ni mwavuli. Hunasa miale mikali ya jua kabla haijafika ndani na kuharibu chembe hai. Ndiyo sababu Mzungu akilima siku nzima bila kofia huungua, ilhali sisi hurudi nyumbani na njaa tu. Kwa hiyo ni kweli kwamba saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra kwa mtu mweusi. Nusu iliyobaki ndiyo hakuisema: zipo saratani za ngozi ambazo hazingoji jua. Hizo hujificha mahali ambapo jua halifiki na macho hayafiki, na picha ile ya ukutani haiwezi kutusaidia kuzitambua.

Mbaya kuliko zote huitwa melanoma. Huanzia katika zile chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa Mzungu mara nyingi hutokea mgongoni au miguuni. Kwa mtu mweusi hupenda unyayo, kiganja cha mkono na chini ya kucha. Bila shaka wengi wenu mmewahi kusikia nyimbo za Bob Marley zikilia kwenye matatu. Mwaka wa 1977 mwanamuziki huyo alipatikana na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alikuwa mpenzi mkubwa wa kandanda, na kidole hicho kilidhaniwa kuwa kimeumia uwanjani. Madaktari walishauri kidole kikatwe, yeye akakataa, ikaondolewa sehemu tu. Mnamo Aprili 1980 aliimba Zimbabwe katika sherehe za uhuru. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki huko Miami, akiwa na umri wa miaka 36. Kidole kimoja, jamani!

Sasa rudi kwenye unyayo wako. Sisi watu wa mashamba tukiona kitu cheusi mguuni, neno la kwanza ni funza, na la pili ni pini. Mara nyingi ni funza kweli. Funza ana nukta nyeusi ndogo katikati na duara jeupe lililovimba kuizunguka, huwasha, na baada ya majuma machache mambo yake huwa yamekwisha, hata kama hukumchokoa. Melanoma haiwashi hivyo. Huanza kama doa bapa, mfano wa tone la wino lililomwagikia karatasi, na mara nyingi haliumi kabisa. Upande mmoja haufanani na mwingine. Ukingo wake ni kama ramani ya ziwa, umeingia hapa umetoka pale. Rangi si moja: utaona kahawia, nyeusi, pengine kijivu. Likizidi upana wa milimita 6, yaani kama kile kifutio kilicho kwenye mwisho wa penseli, basi lina haki ya kutazamwa na daktari. Lakini kati ya dalili hizo zote, ile ninayoiamini zaidi ni mabadiliko. Doa ulilozaliwa nalo ambalo halijasogea tangu chekechea si adui yako. Adui ni doa jipya, au la zamani lililoanza kukua, kubadilika rangi, kutoa damu au kufanya kidonda.

Kucha nazo zina fumbo lake. Ukipigwa na jembe, au ukikanyagwa na beki mwenye njumu, damu huganda chini ya ukucha na kuwa nyeusi. Hiyo husonga mbele kadiri ukucha unavyokua. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kujibadilisha wote, kwa hiyo usitarajie weusi huo uondoke kesho, lakini lazima uone sehemu safi ikichomoza nyuma yake. Aidha, watu weusi wengi wana mistari ya kahawia kwenye kucha, tena kwenye vidole kadhaa. Mwalimu wetu mmoja anayo kwenye vidole sita, nimemhesabia akiandika ubaoni, na hana neno. Mstari wa kuogopa ni ule ulio peke yake kwenye ukucha mmoja, umetokea ukubwani, unapanuka, na weusi wake umevuka ukucha ukaingia kwenye ngozi ya pembeni.

Hayo ya unyayo nimeyasoma na kuulizia. Yanayofuata nimeyaona kwa macho yangu.

Babu yangu mzaa baba huniita "mama", kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Alipokuwa mtoto aliangukia moto wa mafiga akaungua muundi wa mguu wa kushoto. Kovu lilibaki hapo, pana, jembamba kama karatasi, la kung'aa. Kwa zaidi ya miaka 50 kovu hilo lilikuwa likipasuka na kufunga, likipasuka na kufunga. Akigongwa na bua la mhindi wakati wa palizi linapasuka, akipumzika mwezi mmoja linafunga. Nyumbani tulilizoea kama tulivyouzoea mlango wa jikoni usiofungika vizuri.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2023 lilipasuka likakataa kufunga. Nyanya haoni vizuri, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikikiosha kidonda hicho kila jioni kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Nilikuwa darasa la nane, na mkebe wangu wa hesabu ulikuwa daima karibu kwa sababu ya mtihani. Jioni moja ya mwezi wa Machi nilichukua rula nikakipima: sentimita 4. Nikaandika nyuma ya daftari la sayansi. Mwezi wa Mei kilikuwa sentimita 6 na nusu. Tena kingo zake zilikuwa zimeinuka zikawa ngumu, zimejikunja kwa nje kama uyoga. Ukikigusa kwa pamba tu damu inatiririka. Harufu nayo haikuwa ile ya usaha tunayoijua. Ilikuwa nzito, hata paka wetu, ambaye hulala miguuni pa Babu tangu zamani, alihamia kwa Nyanya.

"Babu, hiki kidonda kinakua," nikamwambia.

"Mama, hiki ni kidonda changu. Niko nacho tangu kabla ya baba yako kuzaliwa. Kitafunga tu."

"Lakini Machi kilikuwa nne, na sasa ni sita na nusu."

"Nne nini?"

"Sentimita, Babu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kwani siku hizi unanipima kama mbao?"

Si kwamba hakutafuta dawa, la hasha! Mara tatu alikwenda kwenye zahanati moja, na mara tatu alirudi na vidonge vilevile na bendeji mpya. Hakuna aliyeuliza kovu lile ni la miaka mingapi. Jirani mmoja alileta unga wa mizizi, ukanyunyizwa, kidonda kikalia damu zaidi. Wengine nao wakanong'ona ati mzee amekanyaga kitu kilichotegwa njiani na watu wa mpaka wa shamba. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo haimhusu Babu. Yeye hakuficha. Mguu ulikuwa pale, mbele ya kila mtu, na suruali imekunjwa. Tulikuwa tumeuzoea.

Kilichomwondoa nyumbani ni lile daftari. Baba yangu hufanya biashara ya mahindi, na mtu wa mahindi huamini mizani kuliko maneno. Mwezi wa Julai nilimwonyesha namba tatu kwa mfuatano: 4, 6 na nusu, 8. Alizitazama kimya, akauliza kama rula ni ileile, nikamwambia ndiyo. Kesho yake alfajiri walipanda matatu kwenda Kitale.

Huko daktari aliuliza swali moja tu kuhusu umri wa kovu, kisha akakata kipande kidogo cha nyama kwenye ukingo wa kidonda, si katikati, kikapelekwa maabara. Nilijifunza kutokana na hilo kwamba hata daktari mwenye macho makali hawezi kukata shauri kwa kutazama tu. Hadubini ndiyo husema. Majibu yalichukua majuma matatu. Ilikuwa saratani ya tabaka la juu la ngozi. Inapoota juu ya kovu au kidonda sugu, madaktari huita kidonda cha Marjolin, kutokana na Jean-Nicolas Marjolin, daktari Mfaransa aliyeandika juu ya vidonda vya namna hiyo mwaka wa 1828. Kwa hiyo jambo hili si geni duniani. Lilikuwa geni kwetu tu.

Babu alipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret. Ng'ombe wawili wa maziwa waliuzwa. Mguu ulikatwa chini ya goti, tezi za kinena zikapimwa zikawa safi. Daktari mmoja alimweleza Baba kwamba ugonjwa ungekutwa ungali mdogo, pengine wangeondoa ngozi ile mbovu tu na kubandika nyingine kutoka pajani. Babu yuko hai, anatembea kwa mguu wa bandia, na amekataa katakata kuacha kulima. Huniuliza mara kwa mara, "Mama, rula iko wapi?" Halafu ananyosha ule mguu mzima niukague.

Najua ninyi wenzangu mna makovu ya moto. Nimewaona kwenye mchezo wa voliboli: uji, chai, jiko la makaa, mafuta ya mandazi. Tafadhali msiende nyumbani mkilia. Makovu mengi hayageuki saratani kamwe, na yanayogeuka huchukua miaka mingi, aghalabu makumi ya miaka. Lakini baba zenu na bibi zenu wana makovu ya zamani kuliko yenu. Kovu lililopasuka likapita mwezi mmoja likitibiwa bila kupungua, au likainua kingo, au likatoa damu kwa kuguswa, hilo si la kunyunyizia unga. Hilo ni la kukatwa kipande na kupimwa. Mwambieni daktari umri wa kovu hata kama hajauliza. Na rula ya shilingi 20 mnayo tayari.

Sasa niwapoze mioyo, maana tangu nianze kuuliza mambo haya nimeletewa vipele vya kila aina kana kwamba mimi ni daktari. Choa, ile ya mviringo inayowasha na kusambaa kwa kuchangia taulo, si saratani. Ni ukungu na ina dawa ya kupaka. Mabaka meupe ya kifuani yanayoonekana zaidi ukitoka jasho ni ukungu pia. Chunjua husababishwa na virusi, na sugu ya jembe ni sugu ya jembe. Vile vidoa vidogo vyeusi vilivyoinuka, ambavyo akina mama wengi huvipata mashavuni wakizeeka, hurithiwa katika familia na havina madhara. Kuna aliyejaribu kuvikata kwa wembe, akapata makovu mabaya kuliko vidoa vyenyewe. Kovu la sikio lililofura kama jipu baada ya kutogwa linachukiza macho, lakini si saratani. Mbalanga huondoa rangi ya ngozi na kumwacha mtu akisimangwa bure. Hao wote waacheni, isipokuwa kwa dawa ya kawaida.

Upo mmoja ambao haufai kuachwa, nao unaitwa Kaposi. Dakt. Moritz Kaposi aliueleza kule Vienna mwaka wa 1872, na katika Afrika Mashariki na ya Kati ulikuwepo muda mrefu kabla ya ukimwi kujulikana. Kisha ukimwi ulipoenea, ukaongezeka mno. Mwaka wa 1994 wanasayansi waligundua kirusi kinachouleta. Mabaka yake ni ya zambarau au kahawia iliyokolea, wakati mwingine ni vinundu. Hayawashi, hayaumi, na hupenda miguu, uso na kaakaa la mdomo. Mguu unaweza kuvimba. Kwa ngozi nyeusi mabaka hayo huonekana kama alama za kugongwa, lakini alama ya kugongwa hufifia baada ya siku chache, na hayo hayafifii. Watu huogopa kuyaonyesha kwa sababu ya maneno ya watu. Ni hasara, kwa kuwa dawa za kupunguza makali ya virusi, pamoja na matibabu mengine zikihitajika, huweza kuyadhibiti.

Nimesema jua si adui mkubwa wa ngozi nyeusi. Lakini darasani kwetu yumo mtu mmoja ambaye jua ni adui yake kila siku. Mwenzangu wa dawati ana ualbino. Ameniruhusu kuandika habari zake kwa sharti moja: "Andika kofia, usiandike jina." Kadhalika hapendi lile neno zeruzeru, kwa hiyo halitaonekana tena katika ukurasa huu.

Yeye hana ule mwavuli wa melanini. Kwake saratani ya ngozi huanzia palepale penye jua: masikio, midomo, shingo, mikono. Wengi wenye ualbino katika nchi zetu huipata wangali vijana wa miaka 20 na 30. Tena sisi tunaishi mahali pabaya kwa jambo hili. Kitale iko karibu na Ikweta, na iko juu, takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 miale ile hatari huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Kwa hiyo mtoto wa Kwanza hupigwa na miale mingi kuliko mtoto wa Mombasa, ijapokuwa yule wa Mombasa ndiye anayelalamika joto. Baridi ya Mlima Elgoni hutudanganya. Mawingu mepesi nayo hutudanganya.

Mwenzangu amenifunza kutofautisha madoa yake. Yale ya kahawia yaliyotapakaa mikononi na usoni ni alama za jua, nyingi hazina neno. Anayoyaogopa ni mabaka makavu, yenye magamba, ambayo huyahisi kwa kidole kabla hayajaonekana, yakikwaruza kama msasa. Hayo ni mlango wa saratani. Mwaka jana alikuwa nalo moja juu ya sikio, likagandishwa kwa naitrojeni ya maji, likabambuka, likaisha. Kidonda kisichopona mdomoni au sikioni kwa mtu kama yeye hakingojwi hata mwezi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Serikali imekuwa na mpango wa kugawa mafuta ya kujikinga na jua kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kule Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili yao hasa. Mafuta ni mazuri lakini huisha. Kofia haiishi. Katika shule yake ya msingi mwalimu mmoja alikuwa akimwamuru aivue kwenye gwaride ati ni utovu wa adabu. Mwaka wa 2017 Goldalyn Kakuya, msichana mwenye ualbino aliyesomea St. Anne's Lubao pale Kakamega, aliongoza nchi nzima katika KCPE kwa alama 455. Sijui kama mwalimu yule alisoma gazeti siku hiyo.

Hapa shuleni kofia inaruhusiwa, na tunashukuru. Limebaki jambo moja. Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na kipindi cha michezo cha kidato chetu kiko saa tano na nusu, siku ya Jumatano, uwanjani pasipo hata mti mmoja. Mwenzangu hukaa darasani peke yake akitazama dirishani, na yeye ndiye mlinda lango bora niliyewahi kuona, kwani nimecheza naye jioni jua likizama. Tumeandika barua kuomba kipindi hicho kihamishwe hadi saa kumi na robo. Tuliotia sahihi ni wanafunzi 38. Barua iko mezani kwa mwalimu wa michezo tangu juma lililopita.